Mtani wa Kuokota

Kabila langu nililichagua mwenyewe, kama mtu achaguavyo kofia. Wako watu hapa Bagamoyo wanaohesabu mababu zao mpaka Shirazi. Wakifika katikati hukohoa, hunywa maji, wakaendelea. Mimi baba simjui. Mama namkumbuka mgongo tu, kwa kuwa alinibeba, na mgongo ule uliishia njiani kabla hatujaiona bahari. Nilichofika nacho pwani ni tumbo. Kwa tumbo hilo nimejenga nyumba ya mawe yenye baraza mbili, nimepanda minazi Mlingotini, nimenunua shamba la mihogo upande wa Mbegani, na nikipita mtaa wa Dunda watu hujisogeza ili nikae. Sikupewa na mtu. Anayesema nilipewa aje anitajie aliyenipa, nimshukuru, maana kazi ya kushukuru bado sijaifanya.

Naandika kwa mkono wangu. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikaa muda wa kuzijua herufi, kisha mwalimu akaona nafagia vizuri kuliko ninavyosoma, akaniachia ufagio. Atakayeona kosa avumilie, au aandike yake. Nilimjaribu karani mmoja, lakini kila nilipomwambia "njaa" yeye aliandika "dhiki". Njaa si dhiki. Mwenye dhiki huja watu wakampa pole. Mwenye njaa watu humpisha njia.

Miaka ninayoisema ni ile ya kabla Wadachi hawajaja kukaa. Mji ulikula kwa pembe za ndovu. Safari zikishuka kutoka bara, baragumu zinalia, bunduki zinapigwa, mabanda ya wapagazi nyuma ya mji yanajaa mpaka watu wanalala miguu nje. Zikipanda tena, mabanda yanabaki na sisi. Sisi ni nani? Mpagazi ambaye mguu wake umeoza, wenzake wakamwachia kibuyu cha maji wakaenda zao. Mtumwa mzee aliyepewa uhuru wake siku aliposhindwa kuinua jembe, bwana wake akamwambia, "Nenda, nimekuacha kwa ajili ya Mungu." Wanawake waliokaa mchana kutwa wakiosha sandarusi za watu, ile gundi ya miti ichimbwayo ardhini, mpaka vidole vikawa vyeupe kama vya maiti. Vipofu wa Ijumaa, ambao siku nyingine sita sijui walikuwa wapi. Na mwaka ule mvua ilipokataa Uzaramo, wakaongezeka watu wazima na akili zao, wenye mashamba kwao, walioteremka na majembe yao, wakayauza, wakala, wakabaki wanatazama.

Yote hayo mtu aliyavumilia. Swali moja tu ndilo tulilikimbia: "Wewe mtu wa nani?" Halikuwa swali la maamkizi. Maana yake, ukipotea leo, nani atakutafuta? Mwenye jibu alipita. Asiye na jibu aliweza kujikuta mashuani amefungwa kitambaa mdomoni, ijapokuwa biashara hiyo ya watumwa ilikuwa imekatazwa na waliokataza walikuwa wakubwa. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijitafutia mtu wa kumtaja. Mimi nilitaja kabila.

Nililala sana katika mabanda ya Wanyamwezi, nikaokota lugha yao kama nilivyookota makoko ya ugali wao. Niliokota maamkizi na matusi. Vingine sikuvihitaji. Nikasema basi, mimi Mnyamwezi. Nani atabisha? Mama aliyejua alikuwa hayupo.

Faida yake ilikuwa utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wao ulizaliwa njiani: huyu anapita na mzigo, huyu anadai hongo ya kupita kwake, wakagombana miaka, wakachoka, ugomvi wakaufanya mzaha. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Akikutukania mama yako unacheka na kumrudishia. Na mwaka ule mji ulijaa Wazaramo, na wachache kati yao walikuwa na kitu kapuni. Basi mimi nilikula kwa ulimi. Wenzangu walinyoosha mikono, wakalia, wakaonyesha vidonda. Mimi nilitukana, nikashiba. Mpaka leo sijaona mtu aliyeifanya kazi hiyo kunishinda.

Palikuwa na mama mmoja wa Kizaramo aliyeuza mihogo ya kuchoma kando ya mabanda, penye njia ya kuingilia mji. Alimlimia mtu shamba upande wa Mbegani, akilipwa mihogo, akaichoma, akaiuza. Siku ya kwanza niliinama mbele ya kapu lake kama mnunuzi mwenye adabu, nikachagua kipande kinene, nikang'ata.

"Hee! Wewe!"

"Hongo hiyo," nikamwambia, mdomo umejaa. "Mmetutoza njiani tangu babu zenu. Leo tunatoza sisi."

Akanitazama toka miguuni mpaka kichwani, ambapo si mbali, maana njaa haikuniacha nirefuke. "Kumbe ni mla panya wa Unyamwezi! Nilisikia harufu nikadhani ni ngozi imeanikwa."

"Panya wetu wananona kuliko waume zenu."

Akacheka hata akashika ubavu. Nadhani alikuwa hajacheka siku nyingi, kwa sababu alipomaliza alionekana amechoka kama mtu aliyetwanga. Akasema, "Kesho usinipite, mtani. Nani atanitukana?"

Sikumpita.

Mume wake alilala ndani ya banda, pembeni, juu ya mkeka. Kikohozi kilikuwa kimemla kikabakiza macho. Watu walimruka kama gogo. Mimi nikiingia nilimwambia, "Mzaramo, bado hujafa tu? Mkeka huo nautaka." Naye hujiinua kwa kiwiko, "Mkeka huu? Na wewe wa nini, wakati kwenu mnalala juu ya mizigo ya Waarabu?" Kisha anakohoa muda mrefu, lakini macho yanacheka. Wengine wote walimwuliza mkewe habari zake kana kwamba yeye hayupo. Mimi nilimtukana yeye mwenyewe. Mtu anayetukanwa bado yupo.

Mwenye banda alikuwa mwungwana wa mji, tukimwita Mwinyi, mtu wa kanzu safi na fimbo nyembamba. Si mtu mbaya kuliko wengine. Alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni na pua yake ameifunika, akauliza, "Yule anaendeleaje?" Hakuuliza kwa huruma. Banda likifiwa, wapagazi wa safari inayokuja hawalali humo, wataenda kwa mwenzake. Na waliokufa mabandani bila watu tulijua walikokwenda. Watu wawili wa Mwinyi waliwafunga kamba ya miguu, wakawaburuta mpaka ufukoni nje ya mji maji yakiwa yamekupwa, wakawaacha hapo. Kilichobakizwa na mbwa, bahari ilichukua. Asubuhi wavuvi walipita wakitazama upande mwingine.

Jambo hilo ndilo lililomkosesha mama yule usingizi. Hakuomba mumewe apone, alikwisha kuona kwamba haponi. Aliniambia mara moja, anachoma, moshi unamwingia machoni, "Mtani, mimi nataka kitu kimoja tu. Asiburutwe. Awe na shimo, na watu wawili watatu juu yake, hata wakiwa wanacheka. Ndugu zake njaa imewamaliza, na wangu pia. Akifa, wewe utanizikia."

Nikamjibu, "Nitamzika pamoja na kapu lako." Nikachukua kipande changu nikaenda. Nilidhani tunataniana.

Akafa asubuhi moja, jua limekwisha kupanda. Mimi nilikuwa nimechuchumaa penye kapu, nauliza aliko mwenyewe, nikasikia sauti yake ndani ya banda. Haikuwa kilio kirefu, alitoa kimoja tu, akanyamaza, kama mtu aliyeogopa kusikiwa. Lakini Mwinyi alisikia. Alikuja na watu wake wawili na kamba.

"Mtoeni kabla hakujawa na joto."

Mama akasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Mwinyi, nashika miguu yako. Asiburutwe. Nitamzika."

"Utamzika kwa kitu gani? Jembe unalo? Wachukuzi unao? Huyu alikuwa mtu wa nani?"

"Mtu wangu."

"Na wewe mtu wa nani?"

Akageuka. Nikamwona akitafuta kwa macho, watu waliosimama wakarudi nyuma mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi. Macho yakanifikia mimi, na shavu langu limevimba kwa muhogo wake.

"Yule pale," akasema. "Mtani wake yule. Mtani yupo, basi maiti ana watu."

Mwinyi akageuka polepole. Swali nililolikimbia miaka yote likaja na miguu yake. "Wewe? Na wewe mtu wa nani?"

Nilitaka kumeza, muhogo ukakataa. Nikasema, "Mnyamwezi mimi."

"Wanyamwezi ni wengi kama kunguru. Mkubwa wako nani?"

Jana yake ilishuka safari ya Wanyamwezi, wamejaa katika mabanda ya upande wa pili. Nikaelekeza kidole huko, kidole kikaenda chenyewe. "Mkubwa wangu yuko kule. Amekuja jana na pembe."

"Mlete basi," akasema Mwinyi, akaketi juu ya kinu cha mtu. "Adhuhuri ikinikuta hapa hujamleta, huyu ataburutwa. Na wewe nitajua pa kukupeleka, kwa kuwa huna mwenyewe."

Ningeweza kukimbia. Njia ya Mlingotini ilikuwa wazi, na miguu yangu ilikuwa mizuri. Watu huniuliza kwa nini sikukimbia, wakitaka niseme neno kubwa. Sina neno. Muhogo ulikuwa bado mdomoni.

Kule niliwakuta wapagazi wamelala, wengine wanakanda miguu. Kiongozi wa safari, kirangozi kama walivyomwita, alikuwa mtu mfupi mwenye manyoya ya mbuni kichwani, yamevunjika vunjika kwa safari. Nikaja mbele yake kwa kishindo nikatoa Kinyamwezi changu chote: "Mwangaluka!" na yale mengine ya kuulizana hali. Akanijibu maneno mengi, ya haraka. Sikuelewa hata moja. Nikarudia, "Mwangaluka."

Wakaangua kicheko, waliolala wakaamka kuuliza kuna nini. Mmoja akasema kwa Kiswahili ili nisikose kusikia, "Huyu kasuku amefugwa na mpishi wetu gani?"

"Ukoo wako?" akaniuliza kirangozi.

"Sijui."

"Kijiji?"

"Sijui."

"Nani alikwambia wewe Mnyamwezi?"

"Njaa."

Hapo hakucheka mtu. Kirangozi akanitazama kama anayepima mzigo kabla ya kuuinua. "Haya. Unataka nini kwetu?"

Nikamwambia. Pale kuna Mzaramo amekufa, mimi nimekula mihogo ya mkewe kwa jina lenu, na sasa wanataka kumburuta ufukoni.

"Mzaramo?" Akasimama. "Mtani wetu? Kwa ruhusa ya nani? Tukipanda tena nani atatutukana njiani?" Akawageukia wenzake akasema kwao, nami neno moja nililielewa, jembe. Waliteremka na majembe mapya ya kwao, ya kuuza, chuma ambacho hakijaguswa na udongo. Wakayachomoa katika mizigo yao wenyewe, wakafuatana nami, wengine wanachechemea, wote wanalalamika kwamba Wazaramo hawajui hata kufa, wanachagua siku ya watu kupumzika.

Mwinyi alipowaona aliinuka juu ya kinu. Wale ndio watu waliolala mabandani, na jirani yake alikuwa na mabanda pia. Akasema, "Kumbe alikuwa na watu. Mngesema mapema." Watu wake wakakunja kamba.

Wakamviringisha mzee ndani ya mkeka wake, ule ule niliokuwa nikimdai, wakaufunga kwenye mti, wawili wakautia mabegani. Wakatoka na wimbo wao wa njiani, lakini maneno wameyageuza. "Mzigo gani huu, mwepesi halafu mkaidi!" "Alitutoza hongo kwake, leo kwetu apite bure!" "Mama, mumeo anatuvuta masikio!" Na mama yule nyuma yao analia na kuwajibu, analia na kuwajibu. "Bebeni vizuri, punda nyie! Mkimwangusha mtalipa!" Watu wa mji walitoka milangoni kutazama. Hawakuwa wameona maskini akipelekwa kwa kelele kama bwana harusi.

Minazi ilipokwisha, penye mchanga uliochanganyika na udongo, tukachimba. Mimi nilichimba kuliko wote, waulizeni. Shimo lilipotosha, kirangozi akaniambia, "Shuka."

"Nishuke nifanye nini?"

"Ulale. Mtani hulala kwanza. Hatoki mpaka wafiwa wampe kitu." Akaniona nimeduwaa. "Kasuku, ulidhani utani ni mihogo tu?"

Ndivyo nilivyodhani, kweli. Nusu yake nilikuwa naijua miaka, nusu hii hakuna aliyenionyesha. Nikashuka, nikalala chali.

Mchanga ulikuwa baridi. Kelele za juu zikapungua, mbingu ikawa kipande kidogo chenye pembe nne. Nikasikia uchovu unanitoka mifupani, uchovu wa kulala na sikio moja wazi, wa kutafuta jibu kila nikionwa na kanzu safi. Nimelala tangu hapo juu ya vitanda vya kuchonga vyenye magodoro ya sufi. Pale sijapapata tena.

"Mtani wetu amekataa kutoka!" wakapiga kelele juu. "Mama, toa kitu! Mumeo atakaa juani!"

Akaja ukingoni na kapu lake, akatafuta ndani, akanirushia kipande cha muhogo, kile cha mkiani chenye nyuzi. Kilikuwa cha mwisho.

"Hakitoshi," nikasema. Nisiulizwe kwa nini. Ulimi ulikuwa umezoea, na mimi sikutaka kuinuka.

Wapagazi wakashangilia. Mama akapangusa uso kwa kanga, akainama akanitazama mle ndani, na mara ya pili nikamsikia akicheka, kicheko kidogo chenye kamasi. "Haki yako, mbwa wa Unyamwezi. Chukua na hili." Akalitupa kapu lenyewe, likaniangukia kifuani. "Sasa toka, mwenzio alale."

Nikatoka. Mzee akashushwa, tukamfukia, kila mtu akamwachia tusi lake la mwisho. Mimi nilimwambia, "Mkeka wangu utunze." Mama akarudi bandani, kama ilivyo ada, bila kugeuka nyuma.

Kapu lile sikupewa. Nililitoza, ni haki ya mtani. Kesho yake nilikwenda nalo Mbegani nikalima mimi, mihogo nikaileta, yeye akachoma, tukawauzia wale wale waliozika. Mvua zilipotengemaa alirudi kwao Uzaramo kutafuta kama kuna jani lililobaki, kapu akaniachia. Hakurudi, nami habari zake sikuzipata. Kirangozi aliponiaga aliniambia, "Ukiulizwa tena, taja safari yetu." Nimeitaja. Mwinyi aliacha kuniuliza, wapagazi wakaanza kunitafuta, leo kwangu wanakula, kesho kwangu wanalala, mpaka mabanda ya Mwinyi nikayanunua na shamba la Mbegani nikalinunua. Ndio mwanzo wa nyumba ya mawe. Nimeufanya mwenyewe kwa mikono hii.

Safari sasa si kama zile, na watu wa kufa mabandani hawajapungua. Kwangu haburutwi mtu. Akifa asiye na watu, huchimbwa shimo, nami hushuka kwanza, awe Mzaramo, awe Mkwere, awe nani sijui. Wanaojua mila huniambia si wote hao ni watani wangu. Najua. Lakini mtu asiye na wake, nani atashuka?

Tabu ni magoti. Juzi alifia kwangu mpagazi mmoja ambaye hata jina hakuliacha. Nikashushwa na watu wawili, nikalala, mchanga baridi kama ule. Hakuna mfiwa wa kunipa kitu, na kawaida hujiambia mwenyewe "toka" nikatoka. Juzi nilikawia. Vijana wa juu wakaanza kutazamana, mmoja akachungulia.

"Mzee, wataka nini utoke? Jua kali."

Nikafikiri sana. Nina kila kitu.

"Kipande cha muhogo," nikasema. "Cha mkiani."

Wakacheka, wakadhani nawatania.